Krismasi ya Kukaa Nyumbani: Nyimbo, Vitabu na Vya Kutafuna

Haya jamani, Desemba ndiyo hiyo imeingia, na mjini swali ni moja tu: "Krismasi unaenda wapi?" Hakuna anayeuliza utafanya nini. Wanauliza unaenda wapi, kana kwamba sikukuu ni kituo cha kushukia. Ukijibu "nipo tu nyumbani," mtu anakuangalia kwa huruma, anakwambia "basi tutatafutana," na wote wawili mnajua hamtatafutana.

Kwetu sisi Wachaga ndiyo kabisa. Vichekesho vyetu vya kurudi Moshi mnavijua, na mimi navicheka kama wengine kwa sababu ni kweli. Ikifika tarehe 20 hivi, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi hakuna pa kuweka mguu. Treni ya Moshi, ile iliyorudi kubeba abiria Desemba 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka 20, inajaa. Wenye magari wanapiga picha dashibodi, wanaandika "Home." Watu tunakwenda zaidi ya kilomita 500 kula nyama, kuonana na ukoo, na tuseme ukweli, kuangalia nani kajenga. Nimekulia humo na napapenda.

Mwaka jana sikwenda, na nauli ilikuwepo.

Baba alifariki Agosti. Novemba mama akanipigia kutoka Machame. Baada ya shikamoo na marahaba akasema moja kwa moja: "Mwanangu, Krismasi hii sitaki kupika sufuria la watu arobaini. Nakuja huko kwako." Mama yangu, ambaye miaka yote ndiye anayewapokea watu, sasa anataka apokelewe yeye. Nikamwambia karibu mama, njoo. Na akaja kwa raha kabisa, maana wiki ile mabasi yanapanda yamejaa na yanashuka nusu tupu. Alikaa siti mbili peke yake, mkungu wa ndizi mshare ukiwa chini ya miguu.

Ila alipofika tu, shangazi akapiga simu. "Yaani mwaka wa kwanza tu, mmemwacha baba yenu peke yake kihambani?" Kama wewe si wa kule nikueleze: Mchaga anazikwa kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwake, kaburi unaliona ukiwa mlangoni. Kwa hiyo maneno ya shangazi hayakuwa ya kutafuta. Yaliuma. Nikampa mama simu, na mama akamjibu kwa sauti ya chini: "Wifi, nimekaa naye miaka 34. Atanipa ruhusa ya wiki mbili."

Basi nikabaki na kazi. Nyumba ya chumba na sebule Tabata, watu wanne: mimi, mama, mdogo wangu wa kiume aliyeko chuo, na mtoto wa dada yangu wa miaka saba. Hatutoki, hakuna pati, na kuna mtu mmoja mahali fulani ambaye hayupo. Ukiiacha siku kama hiyo ijiendeshe yenyewe, unajua inavyokuwa. Televisheni inawaka tangu asubuhi na hakuna anayeiangalia, kila mtu na simu yake, saa nane mmeshiba pilau mmelala, saa kumi na mbili mnaamka na kichwa kizito mnaulizana "ndiyo imeisha?" Hayo mimi siyaiti mapumziko.

Kuna mtangazaji mmoja wa mjini, simtaji, mnamjua, aliposti picha ya familia yake wote wamevaa pajama nyekundu za kufanana chini ya mti wenye theluji ya pamba. Akaandika maneno mazuri kuhusu utulivu. Picha ni kali, sina wivu. Ila ukiikuza unaona feni imefichwa nyuma ya kochi, na mtoto wa mwisho uso umelowa jasho kama katoka kukimbia. Nikasema hapana, mimi naanzia kwa watu waliopo ndani, na joto lililopo ndani. Nikachagua vitu vitatu kabla ya tarehe 24, na kila kimoja nikakichagua kwa mtu, siyo kwa picha.

NYIMBO: ULIZA KWANZA

Orodha nyingi za nyimbo za Krismasi unazozikuta mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye baridi. Theluji, moto wa kuni, makoti. Wewe uko Dar, kaskazi inavuma, kipimajoto kinasoma 32. Ule wa Mariah Carey ulitoka 1994 na ulikuja kushika namba moja Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019, miaka 25 baadaye. Ni wimbo mzuri na una subira kuliko mimi. Nauweka mara moja, unatosha.

Ukiwauliza watu wazima wa nchi hii Krismasi inalia vipi, wengi watakutajia Boney M. na Jim Reeves. Tumeshawafanya wa kwetu. Boney M. lilikuwa kundi lililotengenezwa Ujerumani Magharibi, waimbaji wake wakiwa na asili ya visiwa vya Karibi, na ule wimbo wao mkubwa wa Krismasi wa 1978 ulikuwa umetungwa miaka ya 1950 na Jester Hairston, mtunzi wa kwaya Mmarekani mweusi. Jim Reeves yeye ni mzungu wa Texas, albamu yake ya Krismasi yenye nyimbo 12 ilitoka 1963, na Julai mwaka uliofuata akafa kwenye ajali ya ndege ndogo. Yaani hakuishi hata kusikia inavyopigwa Krismasi ya pili. Na huku Machame, baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na kaseti yake. Kila tarehe 25, kabla jogoo hajamaliza, redio inawashwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya nyumba yetu.

Sasa unafanyaje? Ukiziweka, unaweza kumwangusha mama. Usipoziweka, ukimya wake utasikika kuliko wimbo wowote. Niliwaza siku mbili, kisha nikaona hili si la kuwaza peke yangu. Nikampigia.

"Mama, zile nyimbo za baba niziweke au nisiziweke?"

Akanyamaza. Nikasikia kuku wanalia nyuma yake. Halafu akasema: "Weka. Ila isiwe asubuhi. Asubuhi nitakuwa na kazi."

Nikaelewa. Hakukataa kulia, alikuwa anachagua saa ya kulia. Kuanzia hapo orodha ikajipanga yenyewe, kwa saa.

Asubuhi kwaya. Sisi ni Walutheri, kwa hiyo Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama haikosekani, lakini nikawachanganya na Mtakatifu Kizito Makuburi maana Wakatoliki kwenye nyimbo za Noeli wametuzidi, lazima tukubali. Kwaya ina faida moja: mtu anaweza kuimba huku anakatakata vitunguu. Hakuna anayeimba na Mariah Carey huku anakata vitunguu, zile noti atajikata kidole.

Mchana, baada ya kanisa na chakula, dansi la zamani. Hapa nilimwachia mama simu achague mwenyewe. Nilitegemea atatafuta nyimbo za injili. Akaenda moja kwa moja kwa Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kisha Marijani Rajabu. Kisha akaanza kutueleza ubishi wa Msondo na Sikinde, nani alikuwa shabiki wa nani pale ofisini kwao, na mdogo wangu akaweka simu chini kusikiliza. Hajawahi kujua kuwa mama yake alikuwa na timu.

Saa kumi ilikuwa zamu ya mtoto. Anapenda singeli. Singeli na mapumziko haviendi, kuna nyimbo mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, moyo wa mtu mzima haufiki huko bila kuita daktari. Lakini mtoto naye ni mwenye nyumba siku hiyo. Tukampa dakika 15, akacheza hadi akaanguka kwenye zulia, akalala. Mimi nilishaona faida yake hapo.

Jioni, giza limeanza kuingia, Jim Reeves. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni anapata upepo. Wimbo wa kwanza hakusema kitu. Wa pili akajifuta macho kwa kanga. Wa tatu akaanza kucheka, kwanza taratibu, kisha hadi mabega yanatikisika. Tukamuuliza nini. Akasema, "Baba yenu alikuwa hajui maneno ya hii nyimbo. Miaka yote ile alikuwa anatunga." Na akatuimbia Kiingereza cha baba, ambacho hakipo duniani. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Mwalimu mzima!

Mambo madogo ya kiufundi, nisiyasahau. Pakua nyimbo kabla, usitegemee bando la siku yenyewe. Chaji spika tarehe 24, kwa sababu umeme ukikatika sikukuu ukimya unakuja na kishindo. Na sauti iwe ile ambayo watu wanaongea juu yake bila kupaza. Jirani mwenye spika kubwa utakuwa naye tu, usishindane naye. Funga dirisha la upande wake, fungua la upande mwingine.

VITABU: VYEMBAMBA, NA KIMOJA CHA KUSOMA KWA SAUTI

Najua kuna mtu hapa anataka kuruka kipande hiki. Subiri kwanza.

Waisilandi wana desturi ya kupeana vitabu mkesha wa Krismasi, na msimu mzima wa vitabu kutoka kabla ya sikukuu wanauita mafuriko ya vitabu. Ilishika kasi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bidhaa nyingi kutoka nje zilibanwa, karatasi haikubanwa sana, basi watu wakapeana kilichopatikana, yaani kitabu. Naipenda hiyo habari kwa sababu haikuanza na utajiri. Ilianza na uhaba.

Nilikwenda mjini na bajeti ndogo, nikapita duka la TPH pale Samora, nikapita na kwa wauza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara. Sheria yangu ilikuwa vitabu vitatu tu: kimoja cha kusomewa wote, kimoja changu, kimoja cha mtoto. Na visiwe vinene, maana kitabu kinene siku ya Krismasi kinageuka kuwa mto wa kulalia.

Cha mtoto kilikuwa rahisi: Hekaya za Abunuwasi. Hadithi fupi fupi, mtu mjanja, hakimu anaumbuka, mtoto anacheka. Ukikatishwa katikati na mgeni hupotezi kitu, unaanza nyingine.

Changu kilikuwa Peponi. Hiki ni kile cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobeli ya fasihi 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, na Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis, kikachapwa na Mkuki na Nyota 2022. Ni habari ya kijana Yusuf, ana miaka 12, baba yake anamtoa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni. Si kitabu chepesi, sitakudanganya. Lakini watu wa humo wanaongea kama majirani zako, na kukisoma kwa lugha ambayo wahusika wenyewe wangeongea kuna raha yake. Nilisoma kurasa kama 60 siku mbili zile, polepole, na sikuona haja ya kukimalizia hapo.

Kile cha wote ndicho kilikuwa na kazi. Baba alikuwa na tabia moja. Usiku wa sikukuu alikuwa anatusimulia kisa cha Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, yule mwenye kiko chake na mashaka yake. Kisa chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapwa 1960. Kuna mauaji, kuna mahali watu wanapaogopa, kuna watu kibao wenye sababu ya kuua. Baba alikuwa anasimulia vizuri hadi nywele zinasimama, halafu akifika karibu na mwisho anakata. "Anayetaka kumjua muuaji akasome." Mwalimu ni mwalimu hata akilala. Na sisi, watoto wake, hakuna hata mmoja aliyekwenda kusoma. Tulikuwa tunasubiri tu mwakani asimulie tena.

Nilikitafuta hicho. Nilikipata kimezeeka, gamba limeshikiliwa na gundi ya karatasi, lakini kurasa zote zimo, nilizihesabu palepale mbele ya muuzaji.

Mtu atasema, mauaji na mizimu, Krismasi? Waingereza ndiyo jadi yao. Ile hadithi ya Charles Dickens ya Krismasi, iliyotoka Desemba 1843, ni hadithi ya mizimu inayomtembelea mzee bahili usiku. Ukiwa ndani salama, mlango umefungwa, una chai, ndiyo wakati wa kusikia mambo ya kutisha.

Mdogo wangu ndiye aliyepewa kusoma, kwa sababu ana sauti, na kwa sababu nilitaka mikono yake ishike kitu ambacho si simu. Alianza kwa kununa, anasoma kama anasoma mita ya maji. Ukurasa wa nne akawa ameshaanza kubadilisha sauti kwa kila mhusika. Mama, ambaye alishasema hadithi si mambo yake, sura ya pili tayari anamtaja muuaji kwa jina na anatoa sababu. Kisha umeme ukakatika. Hakuna aliyeinuka. Mdogo wangu akawasha tochi ya simu, akaendelea, na naapa sehemu ile ilikuwa inahitaji giza.

Tulikimaliza tarehe 26 mchana. Mama alikuwa amekosea muuaji, na hakukubali. Sitasema ni nani, nendeni mkasome, baba angenifufukia. Lakini kitabu kilipofungwa mama alikaa kidogo, akasema: "Unajua na mimi hakuwahi kunimalizia? Miaka 34." Kumbe hata yeye alikuwa anasubiri. Basi tumeujua mwisho wote siku moja, tukiwa pamoja. Hilo silisahau.

Kama ladha yako ni tofauti, usijilazimishe. Anayetaka mbio na bastola, kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, utaanza saa tatu usiku na utalala saa nane. Anayetaka kitu cha kumkaa moyoni, Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, bado inauma. Na kama likizo yako inafika mwaka mpya, Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, kwa hiyo Kusadikika siku hiyo ni kama kumtembelea mtu siku ya kuzaliwa kwake. Ni kitabu kidogo: mtu anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe nchini. Utakimaliza kabla ya kiporo.

VYA KUTAFUNA: ANGALIA MIKONO

Hapa kila mtu ni mtaalamu, kwa hiyo nitasema langu moja tu. Watu wanachagua vitafunwa kwa ulimi. Siku ya kukaa nyumbani, chagua kwa mikono. Jiulize: anayekula hiki anafanya nini kingine?

Ubuyu wa Zanzibar, kwa mfano, ni mtamu, hauna mpinzani, lakini ile rangi nyekundu ikigusa kitabu imebaki hapo hadi kwa wajukuu. Sambusa na bagia zina mafuta. Embe ndiyo kabisa, ukila dodo lililoiva unahitaji kitambaa, maji na toba. Hivyo ni vya kula na nyimbo, siyo na vitabu. Vya kula na kitabu ni korosho, karanga, visheti vilivyokauka vizuri, bisi. Unachukua kwa mkono mmoja, unafungua ukurasa kwa mwingine, maisha yanaendelea.

La pili, vipingane. Kikiwa cha sukari kimoja, kiwepo cha chumvi, na kiwepo kichachu. Ukiweka keki, biskuti na soda tu, saa tisa wote mmelegea. Embe bichi lililokatwa vipande, chumvi na pilipili kidogo, linaamsha nyumba nzima. Na Desemba ni msimu, maembe yapo, mananasi yapo, ni ujinga kununua tufaha la kutoka mbali kwa sababu tu limekaa vizuri kwenye picha.

La tatu, visikufunge jikoni. Chochote kinachotaka mtu asimame na mwiko wakati wengine wamekaa, kipikwe tarehe 24 au kisipikwe. Visheti vinakaa siku kadhaa kwenye kopo lililofungwa. Korosho nilinunua mbichi zilizomenywa, nikakaanga mwenyewe mkesha kwa moto mdogo na chumvi, nusu kilo. Tangu zamani nimeona zile za paketi ndogo zinaisha kabla hujajua kama ni nzuri.

Kwa wanaopenda hesabu, hii ndiyo yangu ya siku mbili, watu wanne:

Korosho nusu kilo, 14,000. Karanga kilo moja, 4,000. Ubuyu, 3,000. Mananasi matatu, 6,000. Maembe kumi, mabichi na yaliyoiva, 7,000. Unga, mafuta, sukari na iliki ya visheti, 15,000. Soda za tangawizi, 12,000. Jumla 61,000. Pilau na kuku viko pembeni, hivyo ni chakula, na chakula mama alikishika yeye, pamoja na mtori wa zile ndizi zake alizosafiri nazo.

Kashata sikununua, kwa sababu jirani yangu ni Mzanzibari na mtu hashindani na Mzanzibari kwenye kashata. Nazi iliyokunwa, sukari ikayeyuka, iliki, inamwagwa kwenye sinia na inakatwa ingali ya moto kidogo, maana ikipoa kabisa ukikata inavunjika ovyo. Alizileta asubuhi ya Krismasi kwenye sahani iliyofunikwa na kawa. Yeye ni Mwislamu, na Idd sahani inatoka kwake vilevile kuja kwangu. Mama akamkaribisha ndani, wakaamkiana, wakaulizana habari za watoto. Yule jirani akampa pole ya msiba kwa utulivu, bila yale maswali ya alikufa na nini. Alipoondoka, sahani ilirudi na pilau. Sahani hairudi tupu, hiyo ni Dar yote, hata Machame.

KUHUSU SHANGAZI

Nimewaacha na shangazi hewani, najua.

Saa saba mchana siku ile ya Krismasi akapiga simu ya video. Tukaangaliana pale sebuleni, hakuna anayetaka kuipokea. Mama akaipokea. Shangazi hakusalimia sana. Akageuza simu, tukaona mgomba, tukaona ukuta wa nyumba yetu, kisha kaburi la baba. Lilikuwa limefagiliwa. Kando yake alikuwa amepanda masale mapya.

Mchaga nikimwambia hivyo haulizi zaidi. Sale ndiyo jani la kuombea msamaha kule kwetu, ukimpelekea mtu sale yaliyopita yamepita. Pia hupandwa makaburini, kwa hiyo shangazi angeweza kusema amepamba tu. Hakusema lolote. Mama naye hakusema, alimwambia tu, "Ahsante wifi. Umekula?" Na shangazi akaanza kulalamika kwamba mwaka huu pilau imepikwa na vijana na imeungua. Mama akacheka. Nilijua hapo hali ya hewa imetulia.

Sasa mwaka huu? Mama amesema anataka twende, wote, na anataka sufuria lake la watu arobaini. Tutakwenda. Kile kitabu kinapanda basi na sisi, kwa sababu kule nako kuna watu waliokuwa wanasimuliwa na hawakumaliziwa, na mdogo wangu ameshaanza kufanya mazoezi ya sauti bafuni.

Lakini kama wewe mwaka huu unabaki, kwa sababu ya zamu kazini, ada ya Januari, mgonjwa, msiba, au umechoka tu na hutaki kuona mtu, usione aibu wakikuuliza unaenda wapi. Kaa chini tarehe 22 na kalamu. Andika majina ya watakaokuwepo, hata kama ni jina moja, lako. Kwa kila jina andika wimbo mmoja, kitu kimoja cha kusoma au kusomewa, kitu kimoja cha kutafuna. Kama kuna la kuuliza, uliza mapema. Kisha chaji spika.

Krismasi njema, na ubuyu uwe mbali na vitabu.